Hita ya Gari la Dada

Fundi Sikio hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu gari likiingia gereji kwake hakukimbilia spana. Aliweka mpini wa bisibisi sikioni, ncha yake akaigusisha kwenye injini, akafumba macho na kutulia kama mtu anayesikiliza redio yenye betri dhaifu. Kisha alisema ugonjwa ulipo. Mara nyingi alipatia. Alipokosea alidai kwamba bisibisi haikusikia vizuri, watu wakacheka, kazi ikaendelea.

Lakini kulikuwa na wakati ambapo wateja hawakuwapo. Mwaka wa kwanza tangu afungue gereji yake mwenyewe, injini ya lori la mtu ilifia mikononi mwake, na habari zikaenea mji mzima kabla ya jua kuzama. Kwa miezi mitatu alikuwa akifungua geti asubuhi, anafagia sakafu isiyo na uchafu, anakaa juu ya tairi kuukuu, jioni anafunga. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, aliacha kumwuliza kazi imekwendaje.

Dada yake ndiye aliyemtoa hapo. Alikuwa amemzidi miaka saba, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na ubishi mkubwa zaidi. Siku moja aliingia gereji na gari lake dogo la kijivu, mvuke ukifuka chini ya boneti. Kiti cha nyuma alikaa binti yake wa miaka kumi na miwili, amekumbatia mkoba wa shule na kulia kwa kwikwi, kwa maana gari lilikuwa limechemka katikati ya barabara na mtoto alidhani litalipuka.

Sikio alilifanyia kazi kutwa nzima. Aligundua kwamba thamostati imekwama. Hiki ni kidude kidogo chenye springi, upana wake kama mdomo wa kikombe cha kahawa, kinachokaa kwenye njia ya maji yanayotoka katika injini kwenda kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, kinafunga njia ili maji yapate moto upesi. Yakishapata moto, kinafungua yakapozwe. Cha gari la dada kilikuwa kimefunga na hakitaki kufungua. Sikio alikitoa, akafunga kifuniko bila kuweka kingine, akamwambia dada yake kwamba sasa maji yatapita wazi na gari halitachemka tena. Akaahidi kwamba akipata thamostati mpya atamwekea.

Kutoa thamostati lilikuwa jambo la kawaida kwa mafundi wa mji ule. Mji wenyewe ulikuwa tambarare na wa joto, watu walifungua madirisha ya gari mwaka mzima, na hita ilikuwa kitufe ambacho hakuna aliyejua kinafanya nini. Gari halikuchemka tena. Dada alimwambia kila aliyekuja kupima sare kwamba mdogo wake ni fundi kweli, gari lake ni ushahidi, nendeni mkaliangalie. Wakaanza kuja, mmoja mmoja, kisha kwa foleni. Ile thamostati mpya ikasahaulika.

Baada ya miaka minane mume wa dada, ambaye alikuwa mwalimu, alipandishwa cheo na kupelekwa kuwa mwalimu mkuu wa shule moja huko nyanda za juu, mwendo wa saa sita kwa barabara. Walihama na gari lao. Huko, nusu ya mwaka watu huamka wakiona pumzi zao. Dada alipiga simu na kucheka kwamba sasa anashona masweta.

Mwaka wa pili wa kuishi huko, figo zake zikaanza kushindwa. Ikabidi apelekwe hospitali mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kusafishwa damu kwa mashine. Hospitali yenye mashine hiyo ilikuwa katika mji mwingine wa huko huko juu, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Mwalimu alimpeleka kila safari kabla jua halijatoka, akamsubiri, akamrudisha. Sikio alikwenda kumwona mara mbili, kwa basi, akafika mchana jua likiwaka, akarudi zake. Mara zote mbili dada alimkataza kukaa muda mrefu, eti wateja wake watamkimbia.

Aliishi hivyo miaka miwili. Akafa msimu wa baridi, siku ya Jumanne, hospitalini, mashine ikiwa bado haijaanza kazi.

Mazikoni, huko huko juu, ndipo Sikio alipofanya jambo ambalo baadaye hakuweza kulirudisha. Shangazi mmoja alikuwa amemsimulia kwamba aliwahi kusafiri na marehemu katika lile gari, na alimkuta amejifunga mablanketi mawili na bado meno yanagongana, kwa sababu hita inapuliza ubaridi. Maneno hayo yalimkaa Sikio kifuani usiku kucha. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, watu wakiwa wamesimama bado, alimgeukia shemeji yake.

"Hita tu, shemeji. Hita ya gari imekushinda kutengeneza. Una shemeji fundi, na simu unayo. Umemwacha dada yangu miaka miwili anatetemeka pembeni yako kama vile umembeba kuku."

Mwalimu alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye mabega ya kuinama kidogo kwa kuzoea madawati ya watoto. Alimtazama Sikio, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akatazama chini. Wazee wakamshika Sikio mkono na kumwondoa pale. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa, na kila mtu alikuwa amelisikia, hata mama yao aliyekuwa ameketi kwenye kiti karibu na kaburi. Tangu siku hiyo hawakupigiana simu. Mama akawa anamtaja mkwe wake kama "yule".

Mwaka ulipita. Asubuhi moja, gari la kijivu likaingia gereji. Aliyeshuka alikuwa yule binti wa dada, sasa mwanamke wa miaka ishirini na minne, mpima ardhi, aliyekuwa amehamishiwa kikazi nyanda za juu, akakaa na baba yake. Alikuwa ameshuka tambarare kwa shughuli za ofisi kwa siku tatu. Alimwamkia mjomba wake, akasimama akizungusha funguo kidoleni. Alisema baba yake hajui kama amepita hapa. Gari linakula mafuta kupita kiasi, mshale wa joto haupandi, na hita haitoi joto hata kidogo. Anaendesha kwenda kupima mashamba alfajiri, vidole vinakufa ganzi kwenye usukani.

"Liache mpaka kesho," Sikio akamwambia. "Nataka nilione likiwa limelala na kupoa kabisa."

Kesho yake alifungua boneti mwenyewe, mpwa wake akiwa kando. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kipande cha katoni kilichofungwa kwa kamba mbele ya rejeta. Kilikuwa kimekatwa kwa uangalifu, kingo zimenyooka kama zimepimwa kwa rula, kimeacha sehemu wazi upande mmoja. Mpwa wake akaeleza kwamba ni kazi ya baba, kila msimu wa baridi hukata kingine.

"Mwambie baba yako rejeta si dirisha la darasa," Sikio akasema, akaifungua kamba na kuitupa ile katoni kando.

Halafu akaanza kazi kwa mpangilio wake. Alifungua mfuniko wa rejeta: maji yamejaa mpaka shingoni, safi, hayana mafuta. Kwa hiyo si upungufu wa maji, na gasketi ya hedi, inayozuia mafuta ya injini yasichanganyike na maji, ni nzima. Akawasha injini, akaweka kiganja juu ya ule mpira mnene unaopeleka maji kwenye rejeta. Kwenye gari lisilo na ubovu, mpira huo hukaa baridi dakika kadhaa, kisha ghafla huwa wa moto, na hapo unajua thamostati imefungua. Huu ulianza kupata uvuguvugu tangu dakika ya kwanza, polepole, bila kushtuka. Akashika mipira miwili midogo inayoingia kwenye hita. Yote miwili ilikuwa ya vuguvugu sawasawa. Kama hita ingekuwa imeziba, mmoja ungekuwa wa moto na mwingine baridi. Wakalitembeza gari nusu saa barabarani. Mshale wa joto haukufika hata robo.

"Hita haina kosa," akamwambia mpwa wake waliporudi. "Inapewa maji ya baridi, sasa itoe nini? Thamostati imekwama wazi. Kazi ya saa moja."

Injini ilipopoa alifungua bolti mbili za kifuniko cha thamostati. Mpwa wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje, akizungumza. Alikuwa akisimulia safari za hospitali alizofuatana na wazazi wake. Alisema kwenda kulikuwa na nafuu. Kioo cha mbele kilijaa ukungu, na baba akawa anafuta kwa kitambaa kwa mkono mmoja huku mama akimtania kwamba hata ubao hajawahi kuufuta kwa bidii hivyo. Kurudi ndiko kulikuwa kubaya. Baada ya mashine, mama alitoka amepauka, baridi imemwingia mpaka ndani ya mifupa, na hapakuwa na blanketi lililotosha. Baba alisimamisha gari njiani, akamvua viatu, akamsugua nyayo kwa viganja vyake, kisha wakaendelea.

Sikio aliinua kifuniko. Ndani hamkuwa na thamostati iliyokwama. Hamkuwa na kitu.

Akaitazama gasketi ya kifuniko, ile ya kuziba maji yasivuje. Ilikuwa imekatwa kwa mkono kutoka kwenye kadi ngumu, na pembe moja ilikuwa imezidi kidogo. Mafundi wengine hukata gasketi ikafuata chuma barabara. Yeye alikuwa na tabia ya kuacha pembe ndogo ya kushikia, ili siku ya kuitoa isimsumbue. Hajawahi kuona fundi mwingine akifanya hivyo. Aliishika ile pembe kwa vidole viwili, na ile miezi mitatu ya gereji tupu ikamrudia: mvuke, mtoto analia kiti cha nyuma, dada yake amesimama hapo hapo anasema, basi nitasubiri hiyo mpya.

"Umeiona?" mpwa wake akauliza.

"Nimeiona."

"Imeharibika sana?"

"Mbovu kabisa," akasema Sikio, na akafumba kiganja kisicho na kitu, akakitia mfukoni mwa ovaroli.

Mpwa wake akaendelea kusema kwamba ajabu ni kuwa hakuna fundi aliyewahi kufungua gari hili tangu wahamie juu. Mama alikataa. Alisema gari hili lina fundi wake. Sikio alimwomba akamnunulie maji ya kunywa dukani, na alipoondoka, aliketi juu ya ngazi ya gereji na kujishika kichwa. Alipoinua macho aliiona ile katoni pale alipoitupa, na hapo ndipo alipoielewa. Gari lisilo na thamostati hupozwa kupita kiasi. Ukizuia upepo usipige rejeta, unapata joto kidogo, la kubangaiza. Yule mwalimu asiyejua kutofautisha plagi na bolti asingebuni jambo hilo peke yake. Alikuwa ameambiwa na mtu anayejua. Maana yake alijua ugonjwa wa gari, na kwa sababu fulani aliyoishika moyoni, hakuutibu.

Sikio akanunua thamostati mpya siku hiyo hiyo, akaijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto mpaka akaiona inafunguka, akaifunga. Kisha akamwambia mpwa wake kwamba wataondoka pamoja, anataka kulisikiliza gari kwenye mlima. Mpwa akafurahi. Alidhani mjomba anakwenda kupatana na baba yake.

Walipanda mchana. Barabara ilianza kuzunguka, miti ikabadilika, hewa ikawa kali, na saa kumi jioni wingu likashuka mpaka barabarani. Mpwa aliyekuwa akiendesha akawasha hita. Ikaja taratibu, kwanza kwenye magoti, kisha kwenye mikono, joto kavu linalonuka vumbi la miaka. Mshale ulisimama katikati, hautikisiki. Mpwa akatabasamu, akavua sweta mkono mmoja mmoja huku Sikio akimshikia usukani. Walikwenda hivyo kama kilomita mbili. Halafu binti akapunguza mwendo.

"Mjomba," akasema, "zima."

"Inakuumiza macho?"

"Zima tu. Nakuomba."

Akazima. Binti akasimamisha gari kando ya barabara, akaweka paji la uso kwenye usukani na kulia kwa sauti ya chini, muda mrefu. Sikio alikaa pembeni yake, kwenye kile kiti alichokuwa akikaa dada yake, na hakupata ujasiri wa kumwekea mkono begani.

Nyumba ya mwalimu mkuu ilikuwa ndani ya uzio wa shule, vyumba vitatu vya matofali, sebule yenye viti vya mbao na meza iliyojaa madaftari. Cherehani ilikuwa bado imesimama karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa. Mwalimu alipofungua mlango na kumwona Sikio, alisema, "Karibu, shemeji," kama anavyosema mtu aliyelelewa vizuri hata akikasirika. Akaenda mwenyewe kuchemsha chai. Binti akaingia chumbani kupumzika.

Sikio hakugusa kikombe.

"Shemeji, thamostati ya gari lile niliitoa mimi."

"Najua," Mwalimu akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza tulipokuja. Kuna fundi hapa sokoni. Alishika mpira mmoja, akasema humu kuna kidude kimetolewa, aliyekitoa hakujua mtakuja kuishi kwenye baridi. Dada yako alikuwa amesimama hapo. Akamwambia, funga boneti."

Mwalimu alizungumza polepole, akitazama madaftari. Alisema alitaka kununua kidude kile siku hiyo hiyo, mkewe akakataa. Alisema ni ahadi ya mdogo wake na ataitimiza mwenyewe. Siku watakayoshuka tambarare atampelekea gari na kumwuliza, we bwana, thamostati yangu uliyoniahidi iko wapi, na watacheka mpaka walie. Alikuwa akiifanyia mazoezi sauti ya kumwulizia. Kisha ugonjwa ukaja, na mashine ya mara mbili kwa wiki haikumpa nafasi ya kushuka.

"Nikamwambia basi nimpigie simu aje yeye. Akaniapisha. Alisema ukijua ni wewe, tena yeye akiwa mgonjwa, utajilaumu mpaka ushindwe kushika spana. Alisema anakujua kuliko mimi. Nikamtishia kuiweka kwa siri, yeye asijue. Akasema atajua, joto halifichiki. Ulimjua alivyokuwa akishika neno. Nikarudi kwa yule fundi, nikamwuliza nifanye nini bila kufungua kitu. Akanionyesha kukata katoni."

"Na siku ile mazikoni? Kwa nini hukunijibu?"

Mwalimu akalifunga daftari lililokuwa wazi mbele yake.

"Ulikuwa unamzika dada yako," akasema. "Nikuongezee nini tena? Lakini usidhani mimi ni malaika. Nilikukasirikia mwaka mzima. Kila asubuhi nanyoa ndevu huku nakujibu. Nilikuwa na majibu mazuri sana, shemeji. Yote nimemwambia kioo."

Sikio akauliza lile alilokuja nalo tangu gereji. Aliuliza kama baridi ndiyo iliyomwua.

"Daktari alisema ni moyo. Figo zikichoka, moyo nao unachoka. Nilimwuliza habari ya baridi mara tatu, na mara zote alisema hapana. Sijui alisema hapana kwa sababu ni hapana, au kwa sababu aliniona nilivyokuwa."

Sikio alilala pale sebuleni. Alfajiri aliondoka kwa basi, baada ya kumwambia mpwa wake ukweli wote wakiwa wamesimama kituoni. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akampa mkono wa kwaheri, hakumkumbatia.

Nyumbani, mama yake alikuwa jikoni anachambua mchele kwenye sinia. Sikio alikaa kwenye kigoda na kumweleza kila kitu: thamostati, ahadi, kiapo, katoni, ukimya wa shemeji. Vidole vya bibi kizee vilisimama katikati ya mchele. Hakulia. Akauliza swali moja tu: yeye mwenyewe amekuwa akimwita mkwe wake "yule" kwa muda gani sasa. Mwaka, Sikio akajibu.

"Maneno yale uliyasema mbele za watu," mama akasema. "Haya unakuja kuyasema jikoni."

Miezi miwili baadaye ndugu walikusanyika tena kule juu, kulijengea kaburi kwa saruji. Fundi mwashi alipomaliza kulainisha na kukusanya vyombo vyake, Sikio aliomba watu wasiondoke. Alikuwa amepanga maneno safari nzima, yakampotea yote. Alisema tu kwamba siku ile alimtukana shemeji yake kwa ajili ya hita, na hita ile aliiharibu yeye kwa mkono wake mwenyewe, akaahidi kuitengeneza, akasahau miaka kumi na miwili. Shemeji alijua na alinyamaza kwa sababu marehemu alimwomba. "Aliyemwacha dada atetemeke ni mimi," akasema.

Shangazi yule alinong'ona kwamba mambo mengine yangekaa tu, marehemu apumzike. Binamu wawili, wateja wake wa siku nyingi, walitazamana, na tangu hapo hawakuleta tena magari yao. Mama aliinuka kwenye kiti chake, akatembea kwa fimbo mpaka alipokuwa Mwalimu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwita mwanangu. Mwalimu, ambaye hakulia mazikoni, akalia hapo mbele ya watu wote, kwa aibu, amejificha uso kwa kofia.

Walipoagana, Sikio na shemeji yake walipeana mikono. Hawakuwa marafiki. Hawakuwahi kuwa marafiki hata zamani. Aliyewaunganisha alikuwa mmoja, na sasa hayupo.

Msimu wa baridi ulipoanza, simu ya Sikio ililia asubuhi akiwa chini ya gari la mteja. Alikuwa Mwalimu. Aliuliza habari za mama, kisha akasema gari lina mlio fulani upande wa kushoto, tik-tik-tik, hasa kwenye kona. Wakauzungumzia mlio ule kama dakika kumi: unasikika lini, mwendo gani, ukikanyaga breki unakwisha au unazidi. Sikio akamwuliza ameusikia mara ya kwanza wapi.

"Kwenye barabara ya hospitali," Mwalimu akasema.

"Ulimpeleka nani?"

Mwalimu akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine, kwamba hana mtu wa kumpeleka. Ila Jumanne na Ijumaa anaamka saa ile ile, hawezi kulala. Kwanza alikuwa anakaa sebuleni. Siku hizi anawasha gari, anaendesha mpaka kwenye lango la hospitali, anageuza, anarudi kabla kengele ya shule haijalia. Binti hajui, anadhani anawahi kununua mboga za shule sokoni. Hata yeye mwenyewe haelewi anakwenda kufanya nini.

"Gari lina joto sasa," akasema. "Lina joto mpaka navua koti."

Sikio alitoka chini ya gari la mteja, akakaa sakafuni, mgongo kwenye tairi. Alimwambia shemeji yake kwamba mlio huo huenda ni beringi ya gurudumu na hauwezi kupimwa kwa simu, lazima ausikie mwenyewe. Akasema Alhamisi atapanda basi, na Ijumaa watakwenda wote.

Ijumaa hiyo waliondoka kukiwa bado na giza. Sikio alikaa kiti cha abiria, akausikia mlio kwenye kona ya kwanza tu, na ilikuwa beringi kweli. Alisema hivyo, Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Baada ya hapo walikwenda saa moja na zaidi, mashamba yakiwa meupe kwa umande, kioo cha mbele kikiwa wazi. Langoni pa hospitali mlinzi alikuwa anaota moto kwenye jiko la makaa. Aliwainulia mkono kama mtu anayewafahamu. Mwalimu akazima injini, jambo ambalo alisema hajawahi kulifanya siku nyingine zote, na wakakaa pale wakitazama wagonjwa wanaoshushwa, mmoja anashikwa kwapani na mwanawe, mwingine anatembea peke yake na mfuko wa nguo. Kulipopambazuka kabisa, Mwalimu akawasha gari na kugeuza.

Njiani, sehemu moja isiyo na alama yoyote, akapunguza mwendo na kusema kwamba hapa ndipo alipokuwa akisimama kumsugua miguu. Sikio akamwomba asimame. Wakashuka wote wawili, wakasimama kwenye ukingo wa barabara, ubaridi ukiwakata masikio, mpaka hawakuweza kuvumilia tena.